SOMO LA HISABATI: SEHEMU NA AINA ZAKE

Mara hii tunajifunza hisabati, na mada yetu ni sehemu. Huenda ukajiuliza jarida la afya linahusika vipi na hisabati. Chukua bahasha ya dawa uliyopewa zahanati, uitazame. Pengine imeandikwa 1/2 x 2. Namba ya kwanza ni kiasi cha dawa kwa kila mara, na ya pili ni idadi ya mara kwa siku. Maana yake ni nusu kidonge mara mbili kwa siku. Mtu asiyezoea sehemu anaweza kuisoma "kimoja au viwili", akampa mtoto mdogo dawa mara mbili au mara nne ya ile aliyoandikiwa. Kwa hiyo somo hili ni la mwanafunzi wa darasa la nne, na pia ni la mama, baba, bibi na kila anayetunza mgonjwa nyumbani.

Katika somo zima tutarudia swali moja: NUSU YA NINI? Sehemu peke yake haikuambii kitu mpaka ujue ni sehemu ya kitu gani. Ukilishika swali hilo, utakuwa umeshika kiini cha mada yote.

1. SEHEMU NI NINI?

Ukichukua kitu kizima ukakigawa katika mafungu yaliyo sawa, kila fungu ni sehemu ya kitu hicho. Neno la kuzingatia hapa ni "sawa". Muhogo uliokatwa vipande viwili, kimoja kirefu na kingine kifupi, haukugawanywa nusu kwa nusu. Umekatwa vipande viwili tu. Ni hivyo hivyo kwa kidonge. Kikivunjika kwa meno au kwa kisu butu, upande mmoja ukawa mkubwa kuliko mwingine, usiseme umepata nusu mbili.

Sehemu huandikwa kwa namba mbili zilizotengwa kwa mstari. Tazama 3/4. Namba ya chini, yaani 4, huitwa asili. Inatuambia kitu kizima kimegawanywa katika mafungu mangapi yaliyo sawa. Namba ya juu, yaani 3, huitwa kiasi. Inatuambia tumechukua mafungu mangapi. Waliosoma kwa Kifaransa huko Kongo au Burundi watakumbuka numérateur na dénominateur. Ni mambo yale yale: kiasi ndiyo numérateur, asili ndiyo dénominateur.

Baadhi ya sehemu tunazitumia kila siku kwa majina yake:

1/2 ni nusu.
1/3 ni theluthi.
1/4 ni robo.
3/4 ni robo tatu.
1/10 ni ushuri, jina la zamani linalojulikana zaidi na wazee.

Sehemu nyingine tunazisoma kwa namba zake. Kwa mfano, 3/8 ni tatu juu ya nane, yaani mafungu matatu kati ya manane.

Utaona kwamba unazijua sehemu tayari. Ukisema "saa mbili kasoro robo" umetoa robo ya saa, yaani dakika 15. Ukinunua robo kilo ya dagaa unapata gramu 250, na nusu lita ya mafuta ni mililita 500. Robo ya saa, robo ya kilo na robo ya lita zote huandikwa 1/4, lakini ni vitu tofauti kabisa. Ndiyo maana tunauliza: robo ya nini?

2. AINA ZA SEHEMU

Kuna aina tatu za msingi.

(a) Sehemu halisi

Hii ni sehemu ambayo kiasi ni kidogo kuliko asili, kama 1/2, 2/3 na 5/8. Sehemu halisi daima ni ndogo kuliko kitu kizima kimoja.

Mfano: Mtoto anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaani ORS, kila baada ya choo cha majimaji. Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila mara. Kikombe kikubwa huchukua mililita 200. Basi mililita 50 ni 50/200, ambayo ni 1/4 ya kikombe, na mililita 100 ni 100/200, ambayo ni 1/2 ya kikombe. Kwa mtoto mwenye miaka miwili au zaidi, kiasi ni nusu kikombe hadi kikombe kizima kila mara. Lakini angalia kikombe chako. Nusu ya kikombe kidogo cha kahawa si nusu ya kikombe kikubwa cha chai.

(b) Sehemu guni

Hii ni sehemu ambayo kiasi ni kikubwa kuliko asili au kinalingana nayo, kama 7/2, 5/4 na 3/3. Watunzi wa mashairi huita "guni" shairi lenye kasoro ya vina au mizani. Sehemu guni nayo inaonekana kama ina kasoro, maana juu ni pazito kuliko chini. Hata hivyo ni namba nzuri tu, na ina kazi yake.

Mfano: Mtoto mwenye miezi minne anaharisha. Pamoja na ORS ameandikiwa vidonge vya zinki vya miligramu 20. Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, ambazo ni nusu ya kidonge hicho. Je, kwa siku 7 atatumia nusu ngapi? Nusu saba, yaani 7/2. Hiyo ni sehemu guni. Inatuambia kwamba tumekusanya mafungu kutoka kwenye vidonge zaidi ya kimoja.

(c) Namba mchanganyiko

Hii ni namba nzima pamoja na sehemu halisi, kama 3 1/2, ambayo husomwa tatu na nusu. Kila sehemu guni inaweza kuandikwa kama namba nzima au namba mchanganyiko, na namba mchanganyiko inaweza kurudishwa kuwa sehemu guni.

Kutoka sehemu guni kwenda namba mchanganyiko, gawanya kiasi kwa asili. 7 gawanya kwa 2 ni 3, inabaki 1. Jibu ni 3 1/2. Mtoto wetu atatumia vidonge vitatu na nusu kwa siku saba.

Kutoka namba mchanganyiko kwenda sehemu guni, zidisha namba nzima kwa asili, kisha ongeza kiasi. Kwa 3 1/2: 3 mara 2 ni 6, ongeza 1 unapata 7. Asili haibadiliki. Jibu ni 7/2.

Zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Kwa siku 10 mtoto huyo anahitaji 10/2, ambavyo ni vidonge 5 kamili. Kwa siku 14 ni 14/2, yaani vidonge 7. Hesabu vidonge ulivyopewa kabla ya kuondoka dirisha la dawa. Vikipungua, uliza hapo hapo.

3. SEHEMU ZILIZO SAWA

Sehemu mbili zinaweza kuandikwa kwa namba tofauti na bado zikawa na thamani moja. Nusu ya mkate ni nusu, uwe umekatwa vipande viwili ukachukua kimoja, au vipande vinne ukachukua viwili, au vipande vinane ukachukua vinne. Yaani:

1/2 = 2/4 = 4/8

Kanuni ni hii: ukizidisha kiasi na asili kwa namba ile ile, thamani ya sehemu haibadiliki. Aidha, ukigawanya kiasi na asili kwa namba ile ile, thamani haibadiliki. Kugawanya hadi isiwezekane tena huitwa kurahisisha sehemu.

Mfano: Mtoto mwenye kilo 10 amepimwa na kukutwa na malaria isiyo kali. Amepewa dawa ya mseto, yaani ALu. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa vidonge 6 kwa matibabu yote: kidonge kimoja mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Baada ya siku mbili amekunywa vidonge 4 kati ya 6, yaani 4/6. Gawanya juu na chini kwa 2, unapata 2/3. Amemaliza theluthi mbili za dawa, na imebaki theluthi moja.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Siku ya tatu homa imeshuka, mtoto anacheza na wenzake. Mama anaona vidonge viwili vimebaki, anavifunga kwenye kitambaa "kwa ajili ya siku nyingine". Ndugu msomaji, theluthi hiyo si akiba. Ni sehemu ya matibabu ya mtoto huyu, ugonjwa huu. Wadudu wa malaria waliosalia mwilini wanaweza kuongezeka tena na homa ikarudi.

Na hiyo "akiba" ina thamani gani kwa mtu mwingine? Mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi huhitaji vidonge 24 kwa matibabu yote. Vidonge viwili kwake ni 2/24, ambayo ukiirahisisha ni 1/12. Vidonge vile vile viwili vilikuwa theluthi ya matibabu ya mtoto, lakini kwa baba yake ni fungu moja tu kati ya kumi na mawili. Havitamponya. Vidonge havikubadilika. Kilichobadilika ni kitu kizima tunachovilinganisha nacho.

4. KULINGANISHA SEHEMU

Ipi ni kubwa zaidi, 1/3 au 1/4? Wengi hujibu 1/4, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Si kweli. Mkate ukigawiwa watu watatu, kila mmoja anapata kipande kikubwa kuliko ukigawiwa watu wanne. Viasi vikiwa sawa, asili ikiwa kubwa sehemu inakuwa ndogo.

Ikiwa asili ni sawa, kazi ni rahisi: 5/8 ni kubwa kuliko 3/8. Ikiwa asili na viasi vyote ni tofauti, tafuta asili moja ya pamoja.

Mfano: Tuseme wahamasishaji wa afya wamepita vijiji viwili vya kambi kuangalia kadi za chanjo ya surua. Kijiji cha kwanza kina watoto 60, na 45 kati yao wamechanjwa. Kijiji cha pili kina watoto 90, na 60 kati yao wamechanjwa. Kijiji kipi kiko vizuri zaidi?

Ukitazama idadi peke yake utasema cha pili, kwa kuwa 60 ni zaidi ya 45. Lakini tuandike sehemu:

Kijiji cha kwanza: 45/60. Gawanya juu na chini kwa 15, unapata 3/4.
Kijiji cha pili: 60/90. Gawanya juu na chini kwa 30, unapata 2/3.

Sasa tafuta asili ya pamoja ya 4 na 3. Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS, ni 12.

3/4 = 9/12
2/3 = 8/12

Kijiji cha kwanza kimefanya vizuri zaidi, ingawa hakuna kilichofikia lengo. Ili surua isienee, inatakiwa watoto wapatao 95 kati ya kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili. 95/100 ikirahisishwa ni 19/20. Yaani kati ya kila watoto 20, asikose zaidi ya mmoja. Katika kijiji cha pili, theluthi moja nzima imekosa chanjo. Hao ni watoto 30, na kwa ugonjwa unaoambukiza haraka kama surua, idadi hiyo inatosha kabisa kuleta mlipuko.

5. KUJUMLISHA NA KUTOA SEHEMU

Sehemu zikiwa na asili moja, jumlisha viasi na uache asili kama ilivyo: 1/5 + 2/5 = 3/5.

Asili zikiwa tofauti, zifanye kwanza ziwe sawa.

Mfano: Umechanganya lita moja ya ORS. Asubuhi mgonjwa amekunywa 1/2 lita, mchana 1/4 lita. Amekunywa kiasi gani?

Kosa la kawaida ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 + 1/4 = 2/6. Tazama jibu hilo kabla ya kulikubali. 2/6 ni sawa na 1/3, na 1/3 ni ndogo kuliko 1/2. Inawezekanaje mtu aongeze kunywa, halafu jumla ipungue? Kila mara ukipata jibu, lipime kwa akili namna hii.

Njia sahihi:

1/2 = 2/4
2/4 + 1/4 = 3/4

Amekunywa robo tatu ya lita. Iliyobaki ni lita nzima toa robo tatu. Lita nzima ni 4/4, hivyo 4/4 - 3/4 = 1/4. Imebaki robo lita, ambayo ni mililita 250. Ikifika saa 24 tangu ulipochanganya, mwaga kilichobaki na uchanganye pakiti nyingine.

6. SEHEMU YA KITU FULANI

Katika hisabati, neno "ya" katikati ya sehemu na namba lina maana ya kuzidisha. Nusu ya 20 ni 1/2 x 20 = 10. Robo tatu ya 20 ni 3/4 x 20: zidisha 3 kwa 20 unapata 60, gawanya kwa 4 unapata 15.

Sasa rudi kwenye swali letu. Kuna vidonge vya parasetamoli vya miligramu 500, na vingine vya miligramu 100 vya watoto.

1/2 ya 500 ni miligramu 250.
1/2 ya 100 ni miligramu 50.

Zote mbili ni "nusu kidonge", lakini moja ni mara tano ya nyingine. Jirani akikuambia, "Mimi wangu nilimpa nusu kidonge akapona," bado hujajua alimpa nini. Kiasi cha dawa ya mtoto hupangwa kwa uzito au umri wake na kwa nguvu ya kidonge chenyewe. Usikisie. Uliza aliyekupa dawa: nusu ya kidonge kipi?

Kuhusu kukata vidonge, zingatia yafuatayo:

- Kidonge chenye mstari katikati kwa kawaida kimetengenezwa ili kiweze kukatwa mbili. Kisicho na mstari, usikikate mpaka uulize.
- Vidonge vya rangi mbili vyenye unga ndani, yaani kapsuli, havikatwi.
- Vidonge vingine vina ganda maalumu linaloilinda dawa tumboni. Navyo havikatwi.
- Nusu iliyobaki itunze mahali pakavu, imefunikwa, mbali na watoto.

Pakiti ya ORS nayo ina kanuni yake. Pakiti nyingi zimepimwa kwa lita moja ya maji safi na salama. Soma maandishi yaliyo juu yake kwanza. Ukimimina pakiti nzima ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita, kila funda litakuwa na chumvi mara mbili ya inayotakiwa, na chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Ukiiweka kwenye lita mbili, kila funda litakuwa na nusu tu ya nguvu, na halitamsaidia ipasavyo.

Ufanye nini ikiwa una chupa ya nusu lita tu? Usigawe unga wa pakiti kwa macho, maana huwezi kuhakikisha nusu mbili zilizo sawa. Chukua sufuria safi, pima maji kwa chupa hiyo mara mbili, kwa kuwa 1/2 + 1/2 = 1. Kisha mimina pakiti nzima na ukoroge.

Ukikosa pakiti kabisa, tumia lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Angalia hiyo nusu. Ni nusu ya kijiko kidogo cha chai, si cha kulia wali.

7. DESIMALI NA ASILIMIA

Desimali na asilimia ni namna nyingine za kuandika sehemu. Desimali hutumia asili ya 10, 100, 1,000 na kuendelea. 0.5 ni 5/10, yaani 1/2. 0.25 ni 25/100, yaani 1/4.

Utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 umeandikwa kwa desimali. Chini ya sentimita 11.5 ni rangi nyekundu, yaani utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kati. Kuanzia 12.5 na kuendelea ni kijani. Kama namba mchanganyiko, 11.5 ni 11 1/2 na 12.5 ni 12 1/2. Nusu sentimita ni ndogo kuliko unene wa kidole, lakini yatosha kumtoa mtoto rangi moja na kumwingiza nyingine. Kwa hiyo utepe usikazwe sana wala usilegezwe.

Asilimia ni sehemu ambayo asili yake ni 100. Asilimia 50 ni 50/100, yaani 1/2. Asilimia 80 ni 80/100, yaani 4/5. Asilimia 65 ni 65/100, yaani 13/20.

Wengi wetu tulizizoea namba hizi kupitia posho. Mwaka 2023, kwa upungufu wa fedha, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi walioko Tanzania kutoka asilimia 80 hadi 65 mwezi Machi, kisha hadi 50 mwezi Juni. Asilimia hizo ni sehemu ya nini? Ni sehemu ya mgao kamili, ambao hukadiriwa kwa kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nusu yake ni kilokalori 1,050.

Sasa tufanye hesabu ambayo huleta ubishi mwingi. Kutoka 80 hadi 50, posho ilipungua kwa kiasi gani? Mmoja anasema asilimia 30. Mwingine anasema zaidi ya theluthi moja. Nani yuko sahihi?

Tuseme mgao kamili wa unga kwa familia moja ni kilo 40.

Asilimia 80 ya 40 ni 4/5 x 40 = kilo 32.
Asilimia 50 ya 40 ni 1/2 x 40 = kilo 20.
Tofauti ni kilo 12.

Ukilinganisha na mgao kamili: 12/40 = 3/10, yaani asilimia 30.
Ukilinganisha na kile familia ilichokuwa ikipokea: 12/32 = 3/8, yaani asilimia 37.5.

Wote wawili wako sahihi. Wa kwanza amehesabu sehemu ya mgao kamili, na wa pili amehesabu sehemu ya kilichokuwa kikiingia kwenye sufuria yake. Walichokuwa wanabishania si hesabu. Kila mmoja alikuwa na kitu kizima chake. Ukisikia asilimia yoyote kwenye mkutano, iwe ya posho, ya maji au ya wagonjwa, simama na uulize kwa heshima: asilimia ya nini?

8. MAMBO YA KUKUMBUKA

- Mafungu lazima yawe sawa ndipo yaitwe sehemu.
- Asili ni namba ya chini, kiasi ni namba ya juu.
- Sehemu halisi: kiasi ni kidogo kuliko asili. Sehemu guni: kiasi ni kikubwa kuliko asili au kinalingana nayo. Namba mchanganyiko: namba nzima na sehemu halisi pamoja.
- Usijumlishe asili kwa asili. Tafuta kwanza asili ya pamoja.
- Kabla ya kutumia sehemu yoyote, uliza ni ya nini.

9. ZOEZI

Jaribu mwenyewe kwanza, au fanyeni pamoja na watoto nyumbani, kisha linganisha na majibu yaliyo chini.

1. Mtoto wa miezi mitatu anapewa nusu kidonge cha zinki kila siku kwa siku 13. Andika jumla kama sehemu guni, kisha kama namba mchanganyiko.

2. Mtu mzima amekunywa vidonge 16 vya ALu kati ya 24. Amemaliza sehemu gani ya matibabu? Rahisisha. Kama hunywa vidonge 4 kila mara, amebakiza mara ngapi?

3. Ipi ni kubwa, 3/5 au 5/8?

4. Kutoka lita moja ya ORS, mgonjwa amekunywa 1/4 lita, kisha 2/5 lita. Zimebaki mililita ngapi?

5. Mgao kamili wa unga ni kilo 24. Familia ilikuwa ikipata 3/4 ya mgao huo, sasa inapata 1/2. Imepunguziwa sehemu gani ya mgao kamili? Na sehemu gani ya ilichokuwa ikipata?

MAJIBU

1. 13/2, ambayo ni 6 1/2. Vidonge sita na nusu.

2. 16/24 = 2/3. Vimebaki vidonge 8, yaani 1/3 ya matibabu. Amebakiza mara mbili, na asiziache.

3. Asili ya pamoja ni 40. 3/5 = 24/40 na 5/8 = 25/40. Kubwa ni 5/8.

4. 1/4 = 5/20 na 2/5 = 8/20. Jumla ni 13/20. Imebaki 7/20 ya lita, ambayo ni 7/20 x 1,000 = mililita 350.

5. 3/4 ya 24 ni kilo 18. 1/2 ya 24 ni kilo 12. Zimepungua kilo 6. Kwa mgao kamili ni 6/24 = 1/4. Kwa ilichokuwa ikipata ni 6/18 = 1/3.

Kama umekosa swali lolote, rudi kwenye kipengele chake usome tena taratibu. Na kama bahasha ya dawa iliyoko nyumbani kwako ina maandishi usiyoyaelewa, usisubiri siku ya kurudi kliniki. Ipeleke leo zahanati au kwa mhamasishaji wa afya wa kijiji chako, umwombe akusomee na akuonyeshe kwa kidonge chenyewe. Kuuliza si aibu, na kazi yao ni kukueleza.